Mwaka wa Kwanza ni wa Kupokea

Hotuba kwa wamishonari wapya na makanisa yanayowatuma. Imeandikwa yote kama ilivyotolewa, kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.

Bwana Yesu asifiwe!

Asifiwe tena!

Baba Askofu, wachungaji, wazee wa kanisa, wazazi mliokuja kuwaaga watoto wenu, na ninyi ndugu zangu ambao tiketi zenu zimeshakatwa: nawasalimu wote katika jina la Bwana.

Walionitangulia kusema wamewafundisha vizuri kwa nini kanisa hutuma watu. Mimi nimepewa jambo la chini zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalowashinda wengi: namna ya kuishi ukishafika. Siku ya kuagwa itapita. Mtakuwa mmeombewa, mmekumbatiwa, mmepigwa picha. Safari itaisha. Kisha utaamka asubuhi katika nchi ya watu, huna ratiba, huna rafiki, hujui hata namna ya kumwuliza jirani uchafu unatupwa wapi, na simu yako haina namba ya mwenyeji hata mmoja. Asubuhi ile utafanya nini?

Nimeishi ugenini. Na kwa miaka mingi nimekuwa nikienda uwanja wa ndege kuwapokea wenzangu wapya. Nimewaona waliokaa wakaota mizizi, na nimewaona waliofunga mizigo kabla ya wakati. Katika hao waliorudi mapema, wachache sana walipungukiwa na imani. Wengi walichoka. Walifika wakaanza kutoa siku ya kwanza: kufundisha, kuhubiri, kupanga, kurekebisha. Walitoa kwa watu ambao bado hawajawajua, kwa lugha ambayo bado hawajaimudu, hadi wakabaki watupu.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja, nami nitalirudia mpaka mlikariri. Mwaka wa kwanza ni wa kupokea. Semeni pamoja nami: mwaka wa kwanza ni wa kupokea!

Naona nyuso zinauliza. "Lakini sisi tumetumwa kutoa!" Haya, fungueni Luka sura ya 10. Bwana Yesu anawatuma wale sabini, wawili wawili. Anawaambia wachukue nini? Hawachukui mfuko, wala mkoba, wala viatu. Anawaambia waingie katika nyumba ya mtu, wakae humo humo, wale na kunywa kile watakachopewa, wala wasihamehame nyumba hadi nyumba. Je, Bwana alishindwa kuwapa nauli? Yeye aliyewalisha maelfu? Aliwatuma wakiwa wahitaji kwa makusudi. Mtu aliyekuja na kila kitu hana sababu ya kubisha hodi kwa mtu. Anakaa kwake, anafunga mlango, na jioni anaandika ripoti kwamba watu wa nchi ile ni wagumu.

Wale sabini walikuwa wageni kabla hawajawa wahubiri. Walikula kwanza. Mwenyeji aliwapa kwanza. Amani waliyoileta ilipokelewa ndani ya nyumba ambayo tayari imewapokea wao.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo kiburi chetu kinapoguswa kwanza.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Kiswahili hakukijua, na hakuwa na kamusi ya kufungua. Alimwendea nani? Alimwendea Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Kwa msaada wa mwanachuoni huyo wa Kiislamu, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwezi Juni wa mwaka ule ule.

Hebu fikirini hali ile. Mtu aliyekuja kuhubiri Injili ameketi na kalamu mbele ya kadhi, anauliza. Kadhi anajua, yeye hajui. Kadhi anasahihisha, yeye anafuta na kuandika upya. Nani mwalimu hapo, na nani mwanafunzi? Sisi tunaosoma Biblia kwa Kiswahili leo tusisahau kwamba kazi hii ilianza kwa mmishonari kukubali kufundishwa na mtu asiyekuwa wa dini yake. Na mwezi uliofuata, Julai, Rosine alijifungua, akafa, na mtoto wake mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf aliwazika, akarudi kwenye maneno. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufariki.

Adoniram Judson na mkewe Ann walipofika Rangoon, nchini Burma, yaani Myanmar ya leo, Julai 1813, mwalimu wao wa lugha hakujua Kiingereza, nao hawakujua Kiburma. Wakaanza kwa kuonyesha vitu kwa kidole, mwalimu anataja, wao wanarudia. Watu waliosoma vyuo, watu wazima, wanaonyesha mlango kwa kidole kama watoto wa miaka miwili! Ndugu zangu, nani kati yenu yuko tayari kwa hilo?

Maana lugha inataka muda, na muda huo hauna njia ya mkato. Serikali ya Marekani ina taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake. Kwa mwanafunzi aliyekulia katika Kiingereza, taasisi hiyo hukadiria Kiswahili kwa takriban saa 900 za darasani, yaani wiki 36. Kiarabu au Kichina ni saa 2,200, wiki 88. Na hao ni watu wanaolipwa mshahara wasome, hawana kazi nyingine. Sasa wewe unayepanga kujifunza Jumamosi alasiri, baada ya semina tatu na mikutano miwili, saa hizo utazitoa wapi? Mtu atakayekupa huduma ya kufanya katika miezi ya kwanza, hata kama ni mtu mwema, hata kama ana shida ya kweli, anakunyang'anya saa hizo. Mwambie kwa upole: bado. Nitakuja, lakini bado.

Nawapa mfano wa karibu. Kijana mmoja niliyempokea alikuwa na mwalimu wa lugha asubuhi, kama wengine. Alasiri alikwenda kwa mzee mmoja jirani ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na hawezi tena kusoma. Kijana alikaa kwenye kigoda kando ya mzee akamsomea gazeti kwa sauti. Hakuelewa nusu ya alichokisoma. Akikosea matamshi, mzee aligonga fimbo chini mara moja. Kijana anarudia. Akikosea tena, fimbo tena. Mzee akiridhika, anaguna, wanaendelea na habari inayofuata. Siku nyingine walimaliza habari moja tu kwa saa nzima. Mimi nilikwenda kuwatazama, nikasimama uani, nikasikia fimbo ile ikigonga na kugonga, na kijana anarudia bila kukasirika.

Mnajua kilichotokea? Mzee alipata habari za dunia ambazo alikuwa amezikosa. Kijana alipata lugha. Lakini kuna kitu cha tatu ambacho hawakukipanga. Msiba ulipotokea katika ukoo wa yule mzee, alimpeleka kijana mwenyewe, akamketisha pamoja na wanawe, akawaambia watu, huyu ni wangu. Kuanzia siku ile kijana hakuhitaji tena kujieleza mtaani. Sisi wamishonari wazee tulikuwa tumeishi mji ule muda mrefu kuliko yeye, na hakuna aliyekuwa ametuketisha pale. Aliingia kwa mlango wa kusahihishwa.

Mwaka wa kwanza ni wa nini? Wa kupokea. Amina.

Sasa niseme juu ya moyo. Wale wanaosali sana husahau kwamba wana mwili na akili kama watu wengine, na mambo yakiwabana ugenini wanadhani wameanguka kiroho. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizungumza na kikundi cha wanawake huko Rio de Janeiro juu ya mshtuko wanaoupata watu wakihamia katika utamaduni mwingine. Alisema mwanzoni kila kitu kinapendeza, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa siku chache au hata miezi. Kisha inakuja hasira. Alitaja dalili zake moja moja: mtu ananawa mikono kupita kiasi, anahangaikia mno maji na chakula, anafoka kwa sababu ya ucheleweshaji mdogo, anatamani nyumbani kwa kiasi cha kuumia. Na akasema watu wa namna hiyo hujikusanya pamoja, wageni na wageni, wakiwasema wenyeji.

Nimeyaona yote hayo. Nimemwona mtumishi wa Mungu, mtu wa maombi, akilia ofisini kwa sababu ameambiwa arudi kesho kuchukua kibali. Siku tano zilizopita alikuwa ameambiwa arudi kesho vilevile. Je, mtu huyo amerudi nyuma? Hapana. Amechoka. Akili yake imefanya kazi ya ziada kuanzia asubuhi hadi usiku: kila salamu ni hesabu, kila kibao cha barabarani ni hesabu, kumnunulia mtoto dawa ni mtihani. Anahitaji kulala, na anahitaji mtu wa kumwambia kwamba hali hii inajulikana na inapita.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hasira ikikujia mwezi wa nne au wa saba, usishangae na usijihukumu. Usifanye uamuzi mkubwa katika kipindi hicho. Usiandike barua kwa kanisa usiku. Wenyeji usiwaseme vibaya, hata kwa wageni wenzako, hata kwa sala. Nasema hata kwa sala, maana nimesikia maombi ambayo ni masengenyo yaliyofungwa kwa amina! Na simu yako uiwekee mipaka. Mtu anaweza kuishi mwaka mzima katika nchi moja kwa miguu na katika nchi nyingine kwa macho: anajua nani ameoa nyumbani, nani amehama, kwaya imeimba nini Jumapili, lakini jina la mtoto wa jirani halijui. Piga simu nyumbani kwa siku mliyopanga, ongea vizuri, cheka, lia ukitaka kulia, kisha funga simu na utoke nje.

Hapa naomba wanandoa wanisikilize, na nitakaa kidogo.

Sote tunamtaja William Carey. Alitoka Uingereza mwaka 1793 akaenda India, na kazi yake ya kutafsiri Maandiko inajulikana duniani. Ni wangapi wanamtaja Dorothy? Dorothy, mkewe, mwanzoni alikataa kwenda. Alikuwa mjamzito wakati mumewe anapanga safari. Meli ilipochelewa, watu wakamrudia wakamsihi, akakubali kwa sharti kwamba dada yake aende naye. Akaondoka na mtoto mchanga mikononi. Walipofika fedha zikaisha upesi, wakahama mahali hadi mahali, wakaugua. Mwaka 1794 mtoto wao Peter akafa, akiwa na miaka mitano. Akili ya Dorothy ikavunjika, wala haikurudi. Aliishi katika hali hiyo hadi alipokufa mwaka 1807, na Carey akiendelea na kazi ya tafsiri katika nyumba ile ile.

Simtaji Dorothy ili kumhukumu Carey, mtu ambaye Mungu alimtumia sana. Namtaja kwa sababu makanisa yetu bado yanatuma mume, na mke anapakiwa pamoja na mizigo. Mume ana barua ya kazi, ana cheo, ana watu wanaomngoja. Mke ana nini? Ana nyumba ya kupanga katika mji asioujua, watoto wanaolia, na mlango anaoogopa kuufungua kwa sababu hawezi kumjibu anayebisha.

Nilishuhudia familia moja ambamo mume alisoma lugha asubuhi yote, na mke alibaki na watoto. Baada ya nusu mwaka mume anaongea, anatania watu, anakaribishwa huku na huku. Mke alikuwa ameanza kumtuma binti yake wa miaka minane akamsemee kwa daktari. Hebu fikirini: mama anamweleza mtoto wake maradhi ya mwilini mwake ili mtoto ayatafsiri kwa mgeni! Tulipolijua hilo tuliwaita, tukakaa nao. Mume alikuwa mtu mwelewa. Wakagawana asubuhi: saa mbili hadi saa nne mke anasoma na mume yuko na watoto, saa nne hadi saa sita wanabadilishana. Kazi ya mume ikapungua nusu, na wazee waliomtuma wakalalamika. Nikawaandikia kwamba sasa ndiyo wamepata wamishonari wawili.

Waume, mnanisikia? Mkeo asipopewa saa zake za kujifunza, hajahamia nchi ile. Amefungiwa ndani yake. Na watoto msiwafanye wakalimani wa mambo ya watu wazima. Watashika lugha upesi kuliko ninyi, mshukuruni Mungu kwa hilo, lakini mzigo wa hospitali, wa kodi na wa polisi si wa kubebwa na mtoto.

Na mlio peke yenu, msiooa na msioolewa, ninyi mnahitaji nyumba ya kuingia bila kualikwa. Iombeni. Msingoje watu wagundue kwamba mnakula peke yenu kila jioni. Waambieni kiongozi wenu na wenyeji wenu waziwazi: nahitaji familia. Huko nako ni kupokea, na kwa wengine ni kugumu kuliko lugha.

Kuhusu wenzenu wa kazi nitasema kwa kifupi, kwa sababu Maandiko yamesema wazi. Paulo na Barnaba, watu wawili waliojaa Roho, walishindana juu ya Yohana Marko hadi wakatengana. Mmeisoma katika Matendo 15. Kama wao walifika hapo, ninyi mtafika. Carey na wenzake waliokaa pamoja Serampore, India, walikuwa na utaratibu ambao naupenda sana: Jumamosi jioni iliwekwa kwa ajili ya kusuluhisha tofauti zao na kuahidiana upya kupendana. Kila Jumamosi, ikiwa kuna ugomvi au hakuna. Hawakungoja jipu liive. Wekeni siku yenu. Na mwenzako akikuambia umemkosea, pokea. Mwaka wa kwanza ni wa kupokea hata karipio.

Jumapili nayo? Nendeni katika kanisa la wenyeji, mkaketi kwenye benchi. Kama hakuna kanisa, tafuteni waamini hata wawili wa kuomba nao. Kama kanisa lipo, muwe chini ya mchungaji wa pale, mumwite mchungaji wenu na mmaanishe. Watawaalika kuhubiri Jumapili ya kwanza, kwa heshima tu. Shukuruni, toeni salamu, mkaketi. Imbeni nyimbo zao hata kama hamwezi kuzishika. Mkiugua, waacheni waje kuwaombea. Wakileta zawadi na mnajua ni maskini kuliko ninyi, msiirudishe na msikimbilie kulipa siku hiyo hiyo kwa zawadi kubwa zaidi. Mtu akikupa kidogo alicho nacho, anakufanya wa kwake. Ukimrudishia mara tatu yake, umemwambia kwamba hukumhitaji.

Fedha za kusaidia watu, katika mwaka huo, zisipite mikononi mwenu peke yenu. Mtu akija na shida, na watakuja, lipelekeni jambo kwa wazee wa kanisa la pale wanaowajua watu wao. Na karatasi zenu ziwe za kweli. Pasipoti iwe na miezi isiyopungua sita mbele yake, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa viwe vimethibitishwa, cheti cha chanjo ya homa ya manjano mnacho tayari, maana tangu mwaka 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote. Ombeni kibali kinacholingana na kile mnachokwenda kufanya. Nchi nyingine zina kibali maalumu kwa watumishi wa dini. Marekani, kwa mfano, kibali hicho hutolewa kwa miezi isiyozidi 30 kwa mara ya kwanza, na jumla haizidi miaka mitano. Mkianza kwa uongo mbele ya afisa, kila mtakachokijenga juu yake kitatikisika siku uongo huo utakapojulikana, na watakaoumia zaidi ni waamini wa pale mtakaowaacha.

Je, kupokea huku kuna mwisho? Kuna siku utaanza kutoa? Ipo. Na mara nyingi hutaitambua kwa ratiba yako, utaitambua kwa kuwa wenyeji wamekuja kukuita wao wenyewe. Wakati mwingine inachelewa, na inapitia mahali pagumu. Apolo Kivebulaya alitoka Buganda akaenda Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Mwafrika aliyetumwa kwa Waafrika, na alikuwa mgeni kweli kweli. Chifu wa pale, Tabaro, alimsumbua. Dada wa chifu alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo akashtakiwa kwa kifo ambacho hakukisababisha, akafungwa gerezani. Alipoachiwa alikuwa na haki ya kurudi kwao, nani angemlaumu? Alirudi Mboga. Kwa watu wale wale. Na chifu yule yule baadaye akaamini, akabatizwa. Apolo alikufa Mboga mwaka 1933, akazikwa huko huko. Watu wa Mboga waliona kwanza mtu ambaye amekubali kukaa kwao kwa gharama waliyoijua wao wenyewe, na mahubiri yake wakayasikiliza kwa masikio mengine.

Sasa nageukia makanisa yanayotuma. Wazee, kamati za uinjilisti, wahazini. Nimewaacha mwisho kwa sababu yote niliyowaambia hawa vijana wetu hayawezekani msipoyataka ninyi.

Mmishonari mpya anahubiri mapema kwa sababu anawaogopa ninyi. Mnamwuliza mwezi wa tatu: wameokoka wangapi? Anajua mkisikia amekuwa akimsomea mzee gazeti mtasema fedha zetu zinaliwa. Basi anakusanya watoto wa mtaa, anapiga picha, anawatumia. Nanyi mnafurahi. Picha ile imemgharimu saa zake za lugha, na imewafundisha majirani kwamba huyu mgeni ana kazi na picha zao.

Carey alingoja miaka saba. Krishna Pal, mtu wa kwanza wa Kihindi aliyebatizwa katika kazi yake, alibatizwa mtoni Serampore mwishoni mwa Desemba 1800. Judson alifika Burma mwaka 1813, akambatiza mtu wa kwanza, Maung Nau, mwaka 1819. Miaka sita! Je, kamati yako ingewangoja? Ingewaita nyumbani mwaka wa pili kwa ajili ya mazungumzo?

Ulizeni maswali mengine. Mwalimu wako wa lugha anaitwa nani, na umesoma naye saa ngapi mwezi huu? Nyumba zipi unaingia bila kualikwa? Mke wako ana rafiki? Mnalala? Ni nani mwenyeji aliyekusahihisha mwezi huu, na juu ya nini? Mtu anayejibu maswali hayo vizuri, mtumieni mshahara wake kwa moyo mweupe. Na mmoja wenu, asiyekuwa mwajiri wake, asiyekuwa na uwezo wa kumpunguzia posho, apewe kazi ya kumpigia simu kila mwezi na kumsikiliza tu. Msimpe kazi hiyo mwenyekiti wa kamati. Mtu hamwambii mwenyekiti kwamba amelia.

Nimewaandikia karatasi moja, haizidi ukurasa. Inasema kwamba kanisa halitadai hesabu ya waongofu katika mwaka wa kwanza, kwamba litalipia masomo ya lugha kwa mume na kwa mke pia, na inaacha nafasi ya kuandika jina la yule atakayepiga simu. Zipo kwa katibu hapo mlangoni. Naomba wazee wa kila kanisa wajaze jina hilo na kuweka sahihi kabla hatujatoka kwenda kula, na nakala moja muwape hawa wanaoondoka waibebe pamoja na pasipoti zao.

Mungu awabariki sana. Katibu, tafadhali anza kuzigawa.